Mungu wangu wa gemu ana madhehebu mawili tu, la wema na la wabaya

SWALI: Mambo dada, hongera kwa safu. Mi naendesha D&D, ile gemu ya mezani ya kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, hapa Moro na washkaji wanne, kwenye kampeni yetu, yaani hadithi ndefu tunayoicheza, kuna mungu nimemtunga mwenyewe anaitwa Tareku, mungu wa vivuko, yaani madaraja, mitumbwi, mipaka na hata roho za wafu zikivuka kwenda ng'ambo. Nimempa madhehebu mawili, moja la makuhani wazuri wanaovaa nyeupe na kusaidia wasafiri, lingine la wauaji wanaojificha chini ya madaraja. Tatizo wachezaji washazoea, wakiona tu nguo nyeusi wanachomoa mapanga hata sijamaliza kuelezea. Alafu mmoja wao anacheza kuhani, juzi katumia ile speli, yaani uchawi wa kwenye gemu, ya kumuuliza mungu maswali ya ndiyo au hapana, akauliza dhehebu lipi ndo la kweli. Nikababaika, nikasema mungu kalala. Nifanyeje?
Kuhani Asiye na Hekalu, Morogoro

JIBU: Poa kaka. Hiyo ya mungu kalala nimecheka sana ila usiifute, tutaihitaji.

Kwanza hayo uliyonayo sio madhehebu, ni timu mbili. Dhehebu linazaliwa pale watu wanaompenda mungu yuleyule na kusoma kitabu kilekile wanaposhindwa kukubaliana kuhusu jambo la kufanya, na mara nyingi jambo lenyewe ni dogo mpaka mtu wa nje anashangaa hawa wanagombania nini. Cheki Urusi miaka ya 1650, Patriaki Nikon, mkuu wa kanisa la kule, alitaka ibada zifanane na za Wagiriki, kati ya alivyobadilisha ni ishara ya msalaba, ifanywe kwa vidole vitatu badala ya viwili. Vidole jamani! Waliogoma wakaitwa Waumini wa Kale, kuhani wao Avvakum akachomwa moto mwaka 1682, na waumini wenyewe wapo mpaka leo. Au Waparsi wa India, wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao asili yao ni Iran, karne ya 18 waligundua kalenda yao imepishana mwezi mzima na ya ndugu zao wa Iran, wengine wakahamia ya Iran wengine wakabaki na yao, basi wakawa makundi mawili yenye mwaka mpya tofauti. (Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar alitoka jamii hiyohiyo ya Waparsi, kama ulikuwa hujui.)

Uzuri wa vidole na kalenda ni kwamba vinaonekana. Mchezaji wako hatasoma kurasa sita za teolojia ulizokesha unaandika, ila ataona mlinzi wa geti anamkodolea macho mkono wakati anasali.

Sasa ugomvi ninaokushauri uibe ni wa Afrika Kaskazini, kule Carthage, Tunisia ya leo. Mwaka 303 Kaizari Diocletian aliamuru maandiko ya Wakristo yakabidhiwe yachomwe, baadhi ya viongozi wa kanisa wakayatoa kuokoa maisha yao. Mateso yalipoisha likaja swali, hawa waliosalimisha vitabu, ubatizo wanaoutoa unahesabika? Kundi lililoitwa Wadonato likasema hapana, mikono imeshachafuka. Wenzao wakasema ubatizo ni wa Mungu, hauharibiwi na mikono ya mtu. Walibishana zaidi ya miaka mia.

Hamishia kwa Tareku. Kulikuwa na vita, jeshi la adui likafika mtoni, makuhani wakatoa funguo za daraja. Vita vimeisha na walewale wamerudi kazini kama hakuna kilichotokea. Kundi la kwanza, tuwaite Wavukaji, hawakanyagi tena daraja lile, wanavuka kwa miguu majini hata mto ukifurika na kila masika wanazika watu wao, na ndoa yoyote iliyofungwa na makuhani wa funguo wanaifunga upya. Kundi la pili ni Watu wa Daraja, wao wanasema tusingetoa zile funguo mji mzima ungekuwa majivu na nyie mngekuwa wapi leo. Hapo uliza pia nani anakula, maana ushuru wa daraja unaingia kwa hao wa pili, na Wavukaji wanaujua ule ushuru mpaka senti ya mwisho ingawa wanajifanya hawautaki.

Usianze kwa kuwahutubia wachezaji haya yote. Anza na mama mmoja kakaa mwanzo wa daraja, pembeni yake kaburi bichi la mumewe. Kazikwa jana na kuhani wa funguo, leo asubuhi Mvukaji kapita kamwambia mumeo bado yuko ng'ambo hii, hajavuka, mfukueni azikwe upya. Mama anamuona kuhani wenu anamshika nguo, anauliza nimfukue au nimwache? Hapo hakuna wa kuchomolewa panga.

Tuje kwenye ile speli, maana ndo pabaya. Kwenye gemu mungu yupo kweli na anajibu, kwahiyo watu watauliza, we usimfiche, mwache ajibu ukweli. Makuhani walikosea kutoa funguo? Ndiyo. Ndoa walizofungisha ni halali? Ndiyo. Wavukaji wanakosea kuzifunga upya? Hapana. Toleo la tano la D&D linampa kuhani maswali matatu tu, yameisha hayo, na kila upande utatoka pale unashangilia. Speli nazo zifanye kazi kwa wote, kila kundi litakuwa na maelezo kwanini mungu anawavumilia wale wengine.

Na pale uliposema kalala, kuhani wenu si kashatangaza kila kijiji? Basi vijana wameanza kupiga ngoma juu ya daraja usiku kucha wamwamshe. Dhehebu la tatu hilo na wamelianzisha wachezaji wenyewe, waache walikute.

SWALI: Dada shikamoo. Mama kaona daftari langu la D&D limeandikwa miungu na makuhani anasema nimeingia kwenye ushirikina. Nimwambieje?
Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mama hayuko peke yake, hii gemu imetoka Marekani mwaka 1974 na miaka ya 80 wazazi hukohuko waliipigia kelele wakisema inafundisha uchawi. Usibishane naye, mwite akae kikao kimoja awaone mnavyorusha dadu na kugombania sambusa. Alafu na wewe usichukue dini ya mtu aliyekaa mezani ukaibadilisha jina, wala aya na dua zinazosaliwa kweli. Iba umbo la ugomvi tu, yaliyomo tunga mwenyewe. Na daftari liandike juu kwa herufi kubwa HADITHI, usiliache wazi kwenye kochi.