Ndoo haina bei, sinia lina bei

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumapili mnakwenda watu sita, mama akiwemo, kula chakula cha Chettinad, mapishi ya kusini mwa India, hapo Chennai, na kwamba mtapokea kila kitakachopitishwa kwa sababu mmeambiwa ni bei moja, kula mpaka ushibe. Aliyekwambia hivyo hajawahi kushika bili ya pale. Mimi nimeishika. Sisimulii, bado inauma.

Migahawa ile inayopakua chakula juu ya jani la mgomba ina vyakula vya namna mbili, na vyote vinaletwa na vijana waliovaa sare moja wenye tabasamu moja. Wa kwanza anapita na ndoo ndogo za chuma na upawa: wali, sambar (mchuzi wa mbaazi), rasam (supu nyepesi ya ukwaju na pilipili manga), mboga, mchuzi. Hiyo ndiyo inayoandikwa "Meals" ubaoni. Bei ni moja kwa kila kichwa, na anaongeza mpaka umkataze. Wa pili anakuja na sinia kubwa limejaa vibakuli: kuku wa pilipili manga, mbuzi mkavu wanayemwita chukka, kamba, kaa, kware, kipande cha samaki. Huyu haulizi kama unanunua. Anainamisha sinia uone, anataja majina mbio mbio kama kondakta wa daladala, ukisita kidogo kibakuli kiko mezani na karatasi imeshaandikwa. Na usitegemee kukataa kwa kichwa. Wenzetu wale wana mtikiso wao wa kichwa unaomaanisha ndiyo, na wako wa hapana unaweza kusomeka hivyo hivyo. Kataa kwa mkono.

Kila kilichotoka kwenye ndoo kimo ndani ya bei. Kila kilichotoka kwenye sinia kinalipiwa peke yake. Liandike kiganjani kama huna kumbukumbu.

Piga hesabu uone. Tuseme "Meals" ni rupia 200 na kibakuli cha sinia ni rupia 250. Watu sita ni 1,200. Mkipokea vibakuli vinane, na vinane ni vichache kwa watu sita wenye njaa wanaodhani ni bure, mmeongeza 2,000. Weka kodi ya asilimia 5 juu yake, mko 3,360. Mlikuja na bajeti ya 1,200, mnatafutana mifukoni mbele ya mama. Mtego mkubwa zaidi unaitwa vanjaram. Ni nguru, nguru yule yule wa soko la samaki la Feri, amekatwa pande nene, akapakwa viungo na kukaangwa. Huuzwa kwa kipande, na mara nyingi ndiye ghali kuliko vyote siniani. Watoto watamnyooshea kidole kwanza. Wanajua kuchagua.

Sasa wale "wazoefu" wa magrupu ya wagonjwa wanaokwenda India kutibiwa. Ndugu zangu, mtu kaenda mara moja, kala kwa hela ya shemeji, karudi na ushauri wa kudumu! "Kule chakula ni bure ukishalipia wali." "Agiza kama kwa Mhindi wa Upanga." Wahindi wengi wa kwetu asili yao ni Gujarat, Kutch ikiwemo, pande za magharibi. Chettinad iko kusini kabisa, Tamil Nadu, maeneo ya Karaikudi. Kujua sambusa na kachori hakukusaidii kitu pale. Ila mhudumu simlaumu. Hajaiba. Kwa mwenyeji lile sinia ndiyo menyu, tofauti yake ni kwamba limepikwa tayari.

Fanya hivi. Sinia likifika, tandaza kiganja juu ya jani lako na sema "podum", yaani inatosha. Ukikipenda kitu, uliza "evvalavu?", ni kiasi gani, kabla kibakuli hakijagusa meza. Kikishawekwa bila kuombwa, usichovye hata kidole, kirudishe hapo hapo. Mmoja wenu tu, mmoja, ndiye aongee na mtu wa sinia. Mkiwa sita na kila mtu anaitikia lake, mmekwisha. Na bili isomeni mstari kwa mstari kabla ya kutoa hela.

Halafu jambo ambalo wazoefu hawalijui: mgahawa wa Chettinad unaouza nyama mara nyingi huwa na mchuzi wa kuku, wa mbuzi au wa samaki ndani ya ndoo. Mchuzi mtupu bila vipande, lakini ladha yote imo humo, pilipili manga na viungo vyao vyote. Kwa hiyo chukueni kibakuli kimoja cha chukka kwa watu sita, mgawane vipande, na mchuzi mwombe wa ndoo kila mnapoutaka. Mtakula nyama kwa rupia 250 badala ya 2,000.

Wali nao una makosa yake. Mhudumu atataka kumwaga mlima mara ya kwanza. Sema "konjam", kidogo. Wali unakuja tena kwa kila mchuzi: kwanza dengu na samli au mchuzi wa nyama, kisha sambar (ni mbaazi na ukwaju, zile zile mbaazi ambazo India ilipobana kuziagiza 2017 wakulima wetu walilia), kisha rasam, mwisho mtindi. Ukijaza tumbo raundi ya kwanza, mtindi unaotuliza pilipili utakukuta huna pa kuuweka. Rasam ni nyepesi kama maji na jani halina ukingo, kwa hiyo bonyeza wali kwa vidole utengeneze shimo, mwombe upawa mmoja tu, changanya haraka. Ukichelewa inakimbilia mapajani.

Mama kama bado anakula kidogo, usimlipie jani zima. Kuchangia jani la bei moja kwa kawaida hawaruhusu, wala mabaki hawafungi. Uliza kama wanauza thayir saadam peke yake, wali uliovurugwa na mtindi. Hauna ukali wa pilipili kama vingine.

Fikeni kabla ya saa nane mchana. Jioni wengi wanahamia idli (vitumbua vya mvuke) na dosai (chapati nyembamba za mchele na dengu), na jani hamlikuti.

Mkimaliza, kunja jani kwa kulileta upande wako, nusu ya juu ije chini. Likishakunjwa hakuna ndoo itakayosimama tena, kwa hiyo ngojeni payasam kwanza. Mara nyingi ni tambi za maziwa na sukari kama zetu, ila msizidai kwa kupaza sauti. "Thambi" kwa Kitamil ni mdogo wangu, na ndivyo wanavyowaita wahudumu. Watakuja wote, na mmoja wao atakuwa na sinia.

Uliuliza na nini tena? Mavazi. Chochote kisicho cheupe.