Kwa nini Lincoln aliwaacha watumwa wa Kentucky

Mwanangu,

Umeuliza: ikiwa Abraham Lincoln, rais wa Marekani, alikuwa mkombozi kweli, mbona Tangazo lake la Januari 1, 1863 liliwafungua watumwa wa waasi, yaani majimbo ya kusini yaliyojitenga na kupigana naye, likawaacha wa Kentucky, Maryland, Delaware na Missouri, majimbo yaliyokuwa upande wake? Umemwita mnafiki. Neno hilo silikubali, ingawa lipo jambo moja ambalo nami namlaumu, nalo utalikuta mbele.

Anza na mamlaka. Kwa Katiba ya wakati ule, utumwa ulikuwa sheria ya jimbo. Rais hakuwa na uwezo wa kuufuta, wala Bunge. Mlango aliobaki nao ni ule wa amiri jeshi mkuu: adui anaweza kunyang'anywa nguvu kazi yake vitani, na watumwa ndio waliochimba mahandaki ya waasi, wakaendesha mikokoteni na kulima chakula cha jeshi. Kentucky haikuasi, kwa hiyo huko mlango huo haukuwepo. Angelazimisha, mwenye watumwa angekwenda mahakamani, na kesi ingeishia kwa Jaji Mkuu Roger Taney, yuleyule aliyeamua mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani.

Ndiyo maana Tangazo ni kavu kama hati ya kiwanja. Linataja mipaka: wilaya 13 za Louisiana zimeachwa, kaunti 48 zilizokuwa zikigeuka West Virginia zimeachwa, na nyingine chache za Virginia. Tennessee haitajwi kabisa. Yote hayo ni kuziba matundu ambayo mawakili wangepenyea.

Halafu tazama ramani. Maryland inaizunguka Washington pande tatu, na Kentucky imekaa kando ya mto Ohio. Agosti 1861 Jenerali Frémont alitangaza uhuru wa watumwa wa waasi huko Missouri bila kumwuliza rais. Lincoln alimwomba kwa upole arekebishe, alipokataa, akaamriwa. Septemba Lincoln alimwandikia Seneta Browning kwamba kuipoteza Kentucky ni karibu sawa na kupoteza vita vyote. Mei 1862 Jenerali Hunter alifanya kama Frémont huko Georgia, Florida na South Carolina, naye akafutiwa amri yake. Ila soma vizuri maneno ya kuifuta: Lincoln anasema uamuzi wa namna hiyo anajiwekea mwenyewe. Hakusema hautakuja.

Kabla ya hapo alijaribu kununua uhuru. Aprili 1862 ilipita sheria ya kuwalipa wenye watumwa wa mji wa Washington wastani usiozidi dola 300 kwa kila mtu aliyefunguliwa. Delaware ilikuwa na watumwa wasiofika 1,800. Gharama yake ingekuwa ndogo mno mbele ya gharama ya vita, lakini ikakataa. Julai 12 aliwaita wabunge wa majimbo ya mpakani, yaani yale ya upande wake yenye watumwa, akawaonya kwamba vita vyenyewe vitausaga utumwa na hawatapata hata senti. Wengi wao wakakataa. Siku kumi baadaye aliwasomea mawaziri rasimu ya Tangazo. Seward, waziri wake wa mambo ya nje, akashauri angoje ushindi, lisije likaonekana kilio cha serikali inayozama. Ushindi ukaja Antietam, huko Maryland, Septemba 17, ushindi nusunusu, kwa takriban watu 23,000 waliokufa, kujeruhiwa au kupotea kwa siku moja. Septemba 22 akawapa waasi siku 100.

Unaposema amri yake haikufika popote, si kweli. Port Royal, South Carolina, ilikuwa tayari mikononi mwa jeshi lake, na watu wa huko walisomewa Tangazo na kuwa huru siku hiyohiyo. Kwingine uhuru ulikwenda na askari, hatua kwa hatua. Tena Tangazo liliruhusu kuandikisha wanaume weusi, wakafika wapatao 180,000. Hapo ndipo ninapomlaumu: walilipwa dola 10 kwa mwezi zikikatwa 3 za sare, wakati mzungu alipata 13, na Bunge halikurekebisha hadi Juni 1864. Hata hivyo, uandikishaji ndio ulioimaliza Kentucky kwa ndani. Aliyejiunga alikuwa huru, na Machi 1865 sheria ikamfungua mkewe na watoto wake. Askari weusi wapatao 24,000 walitoka jimbo hilo ambalo Tangazo halikuligusa.



Lincoln alijua kwamba vita vikiisha, mahakama ingeweza kusema hati ya vita nayo imekwisha nguvu. Ndiyo maana alisukuma marekebisho ya Katiba ya kufuta utumwa nchi nzima. Seneti iliyapitisha Aprili 1864. Baraza la Wawakilishi likayaangusha Juni kwa kukosa theluthi mbili, kisha likayapitisha Januari 31, 1865, kura 119 kwa 56. Majimbo ya kutosha kuyaridhia yalikamilika Desemba 6, miezi karibu minane baada ya yeye kuuawa. Maryland na Missouri zilikuwa zimeshafuta utumwa zenyewe. Delaware na Kentucky zilikataa kuyaridhia, na watumwa wao wa mwisho wakafunguliwa kwa kura za majimbo mengine.

Baba yako