Kifo Kiwe na Uzito: Maswali ya Wasomaji kuhusu Gemu za Kivita

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaongoza kikundi cha wachezaji 24 wa Arma 3, gemu ya kompyuta ya vita. Wengi wetu tuko Mombasa na Dar es Salaam, na wanne wako Muscat. Tunakutana mtandaoni kila Jumamosi usiku. Kwa kuwa tulitaka vita vyetu vifanane na vita vya kweli, nimekuwa nikiongeza modi (nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji) moja baada ya nyingine hadi sasa zimefika 71. Gemu inaganda, wageni wanashindwa kuingia kwenye seva, na bado watu wanakimbia uwanjani wakipiga risasi hovyo. Nimekosea wapi? (Kiongozi wa kikundi, Mombasa)

JIBU: Ndugu Kiongozi, hukukosea kuutaka uhalisia, umeutafuta mahali usipokaa. Umeongeza vitu, ilhali kilichopungua ni gharama ya kukosea. Askari wa kweli hakimbii hovyo uwanjani kwa sababu akipigwa huenda asirudi, na wenzake watalazimika kuiacha kazi waliyotumwa ili wamburute hadi penye kinga. Mchezaji wako anajua kwamba akifa atafufuka baada ya sekunde chache akiwa na risasi kamili na mwili usio na jeraha, na kwa hiyo hata ukimvalisha sare iliyonakiliwa hadi kifungo cha mwisho, ataendelea kupigana kama mtu asiyekufa.

Badiliko la kwanza ninalokuomba ulifanye halihitaji modi yoyote. Ondoa ufufuo wa papo hapo. Waliouawa wasubiri hadi hatua hiyo ya mapigano iishe, kisha warudi kwa pamoja kutoka kambini, ndani ya gari, wakipita barabara ambayo adui anaweza kuivizia. Katika kikundi nilichokuwa nikikiongoza, usiku wa kwanza wa utaratibu huu ulikwisha mapema mno: tulivuka bonde bila kumtuma mtu yeyote mbele, bunduki moja ya rashasha ikatumaliza karibu sote, na tukakaa kimya tukiwasikiliza watatu waliobaki wakinong'onezana namna ya kurudi nyuma. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekubali kuvuka bonde lile kabla ya mtu kupanda kilimani na kutazama. Sikuwa nimewafundisha chochote.

La pili ni habari. Katika vita mtu anajua machache, anayajua kwa kuchelewa, na mara nyingi anayajua vibaya. Kama ramani ya gemu inawaonyesha wachezaji wako alama ya kila mwenzao na kila adui aliyeonekana, wote wanajua zaidi ya jenerali yeyote aliyewahi kuishi. Zima alama hizo, kisha tumia modi moja ya redio, ama TFAR au ACRE2, ambazo hufanya sauti ya mtu aliye karibu isikike kwa masikio tu na sauti ya aliye mbali ipite redioni, ikififia kwa umbali na kwa vilima vilivyo katikati. Hapo ndipo utakapomsikia kiongozi wa sekisheni, yaani kikosi kidogo, akiuliza mara tatu, "Mko wapi?" bila kupata jibu, naye atalazimika kuamua hivyo hivyo.

Wazo hili ni la kale kuliko kompyuta. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani za kipimo cha 1:8,000. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za mapigano. Wachezaji waliandika amri zao kwenye karatasi na kumkabidhi mwamuzi, naye aliwaonyesha kwenye ramani vile tu ambavyo vikosi vyao vingeweza kuviona. Kilichowekwa mezani kilikuwa vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi, bila sauti wala moshi, lakini Mkuu wa Majeshi wa Prussia aliupenda kiasi cha kupendekeza utumike jeshini. Maofisa wale hawakuhitaji picha nzuri ili wahisi ugumu wa kuamuru; walihitaji kunyimwa habari.

Sasa turudi kwenye modi zako 71. Iulize kila moja swali hili: je, itamfanya mchezaji aamue tofauti? Sare mpya haibadilishi uamuzi. Mfumo wa majeraha ulio katika modi ya ACE3 unaubadilisha, kwa kuwa mtu anayevuja damu mguuni anahitaji mwenzake amfunge mkanda wa kukaza sasa hivi, kisha bandeji, kisha mtu wa kumbeba, na hapo tayari umepoteza watu watatu kwa risasi moja. Uchovu unaotokana na uzito wa mizigo unaubadilisha pia, kwa sababu anayetaka kubeba kombora la kuvunjia kifaru lazima aache kitu kingine. Hesabu za upepo, joto na mkandamizo wa hewa ziwe za wadunguaji peke yao. Mtu wa bunduki ya kawaida anayepiga mita 200 hatazihisi, na seva yako itapumua.

Usisahau kwamba gemu yenyewe, bila nyongeza, tayari ina mengi ambayo watu hawayatazami. Risasi ya bunduki ya kisasa hufika mita 300 kwa takriban sekunde 0.4, wakati sauti ya mlipuko wa mtutu, inayosafiri kama mita 340 kwa sekunde, hufika baada ya karibu sekunde 0.9. Anayepigwa risasi ikamkosa husikia kwanza mlio mkali wa risasi ikipita, kisha mshindo mzito wa bunduki. Nafasi kati ya milio hiyo miwili humwambia takriban adui yuko umbali gani, na ule wa pili humwonyesha yuko upande upi. Wafundishe watu wako kusikiliza hivyo kwa nusu saa, na watapata uhalisia zaidi kuliko wanaoupata kutoka modi 30.

Onyo moja. Uhalisia na ugumu si kitu kimoja. Septemba 2023 watengenezaji wa Squad, gemu nyingine ya vikosi vikubwa, walitoa badiliko lililofanya bunduki iyumbe zaidi mkononi na risasi za adui zivuruge macho ya anayepigwa, ili kupunguza wapiganaji wa peke yao na kurudisha kazi ya pamoja. Wachezaji waligawanyika vikali. Mimi niko upande wa nia ya watengenezaji, kwa sababu risasi zinazokuinamisha kichwa hata zisipokugusa ndizo zinazowezesha kundi moja kumzuia adui mahali alipo wakati jingine linamzunguka. Hata hivyo naona kwamba mwanzoni walizidisha kuyumba kwa bunduki. Mchezaji mbele ya kibodi hausikii mwili wake: hajui kama kiwiko chake kimekaa vizuri juu ya jiwe. Ukimwongezea udhaifu ambao askari aliyefunzwa hana, umemtoa kwenye ukweli kwa mlango wa pili.

SWALI: Mwenzetu anayeendesha vita kwa Zeus huongeza maadui kila tunapokaribia kushinda. Tukilalamika anasema vita havina haki. Je, ana hoja? (Mchezaji, Morogoro)

JIBU: Hana, ingawa sentensi yake ni ya kweli. Kwa wasiojua, Zeus ni sehemu ya Arma 3 iliyotolewa mwaka 2014, inayomwezesha mtu mmoja kuutazama uwanja wote kutoka juu na kuweka vikosi, magari na raia wakati mchezo unaendelea. Huyo ndiye mwamuzi wa Reisswitz amerudi, na ugomvi wenu nao ni wa zamani. Katika miaka ya 1870 maofisa wa Kijerumani walibishana kama mwamuzi afuate majedwali na dadu, au aamue kwa ujuzi wake. Verdy du Vernois, katika kitabu chake cha 1876, aliyaacha majedwali kabisa. Njia yake iliuharakisha mchezo, lakini ilimtegemea mwamuzi aliyeijua vita na aliyeaminiwa na pande zote mbili.

Mwenzenu aandike kabla ya mchezo idadi ya maadui, mahali walipo, akiba yao iko wapi na itachukua dakika ngapi kufika. Baada ya hapo anaweza kuwasogeza atakavyo, kwa werevu wote alio nao, lakini asiumbe mtu kutoka hewani. Kama akiba iko kilomita 4 na inakuja kwa miguu, basi mna muda, na mkiuharibu muda huo ni juu yenu. Mchezo ukiisha awaonyeshe karatasi. Kushindwa na mpango mnaoweza kuusoma baadaye kunafundisha. Kushindwa na kidole cha mtu kunawafukuza wachezaji.

SWALI: Mshauri, kikundi chetu kiko Kampala. Wenzangu wanataka kutengeneza misheni itakayofanyika Kivu, pamoja na vijiji na wakimbizi, wakisema hakuna kilicho halisi zaidi. Dada mmoja katika kikundi alizaliwa Goma. Alisikia mpango huo, hakusema neno, na tangu siku hiyo hajaingia. Pia kuna vijana wanaowapiga risasi waliojisalimisha, wanasema ndivyo vita vilivyo. Nifanyeje? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Ndugu yangu, mpigie simu dada huyo kabla hujafungua tena programu ya kutengenezea misheni. Usimwombe awaeleze yaliyompata. Mwambie tu kwamba mpango umesimama, na usimame kweli.

Kuna watu ambao kwao mlio ule si kitu cha Jumamosi usiku, na wengi wao wanazungumza Kiswahili hiki tunachoandikia. Wala hampotezi chochote mkihama. Watengenezaji wa Arma 3 walichora kisiwa cha Altis, chenye takriban kilomita za mraba 270, kwa kufuata kisiwa halisi cha Lemnos cha Ugiriki, kisha wakaiweka hadithi katika nchi ya kubuni na mwaka 2035. Milima, mwendo wa jua na umbali ni vya kweli. Makaburi si ya mtu yeyote. Chukueni mfano huo. Tengenezeni nchi yenu yenye mabonde, matope na mvua, na mtapata ugumu wote wa kijeshi bila kukanyaga msiba wa jirani.

Kuhusu vijana wanaowaua waliojisalimisha, nasema bila kusita kwamba hawachezi kwa uhalisia. Kifungu cha 3 cha Mikataba ya Geneva ya 1949, ambacho kinahusu hata vita vya ndani ya nchi, kinaamuru kwamba aliyeweka silaha chini atendewe kiutu, na majeruhi wakusanywe na kutibiwa. Askari wa kweli hufunzwa sheria hizo na wanaweza kushtakiwa wakizivunja. Gemu isiyo na sheria hizo imeondoa sehemu ya vita, kama vile ingeondoa mvutano wa ardhi kwenye risasi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ililiona jambo hili mapema, ikashirikiana na Bohemia Interactive, kampuni ya Kicheki inayotengeneza Arma, na Septemba 2017 ikatoka sehemu ya gemu inayohusu sheria za vita, ambamo mchezaji ni mteguaji mabomu wa shirika la misaada anayetazama nyuma yale yaliyokipata kijiji kimoja.

Yawekeni haya ndani ya kanuni zenu. Mateka afungwe, apewe walinzi wawili na apelekwe nyuma, jambo litakaloipunguza nguvu sekisheni yenu wakati mnaihitaji zaidi. Raia wawepo vijijini, wakitembea na kujificha, ili kabla ya kufyatua risasi dirishani mtu alazimike kutazama nani yuko pale. Raia akiuawa, kijiji kizima kiache kuwapa habari, na misheni ihesabiwe imeshindwa hata kama kilima kimetekwa. Kijana atakayerudia kosa hilo kwa makusudi atolewe kwenye kikundi.

SWALI: Kaka yangu alirekodi mapigano ya kikundi chake usiku, akayaweka kwenye WhatsApp. Siku mbili baadaye video ilinirudia ikiwa na maneno kwamba ni vita vya kweli. Tufanye nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Novemba 2022 Bohemia Interactive ililazimika kutoa tamko kwa sababu picha za Arma 3 zilikuwa zikisambazwa kama za vita halisi, ikiwemo ya Ukraine. Ilieleza pia namna ya kuzitambua: ubora hafifu wa picha, kamera inayotikisika, giza, mara nyingi kutokuwapo sauti, kutoonekana watu wanaotembea, na moshi au vumbi lisilotawanyika kama la kweli. Kaka yako aiondoe video hiyo, aandike katika makundi yote aliyoiweka kwamba imetoka kwenye gemu, na wewe umjibu aliyekutumia kwa maneno hayo hayo. Kuanzia sasa arekodi jina la gemu likiwa limeandikwa katikati ya picha, si pembeni panapokatwa kwa urahisi, na asiondoe alama za skrini zinazoonyesha kwamba huu ni mchezo.