Raiskuka haijui wali, inajua maji tu

Wengi wenye raiskuka huipikia wali, wakishapakua wanaiosha na kuirudisha kabatini. Yangu haikai kabatini. Ni ile ya kawaida kabisa, yenye kifuniko cha kioo na swichi moja ya kubonyeza chini, na kwa anayetaka kuchezea mapishi naipendekeza kuliko zile zenye skrini na menyu ndefu. Zile ni nzuri kwa wali, lakini hukuamulia mambo mengi mno.

Kabla ya kuingia kwenye mapishi, inua sufuria ya ndani uangalie chini yake. Katikati ya sahani ya moto utaona kidude cha mviringo kinachobonyea, chenye springi. Mle ndani mna sumaku. Ukibonyeza swichi, sumaku inanasa na moto unawaka. Maadamu kuna maji, chini ya sufuria hapawezi kupanda sana kupita nyuzi joto 100, kwa sababu joto linaloingia linaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Maji yakishakwisha, joto linapanda haraka, na likizidi 100 kidogo tu sumaku inalegea, springi inashinda, swichi inaruka: tak! Hakuna saa mle ndani, wala hakuna kinachopima kama chakula kimeiva. Toshiba ilipoanza kuuza raiskuka ya kujizima yenyewe mwaka 1955 ilitumia mbinu tofauti, ya kutia maji kwenye sufuria ya nje ili yakikauka umeme ukatike, lakini ishara ilikuwa ileile. Maji yamekwisha, kazi imekwisha.

Ukilielewa hilo, huhitaji kitabu cha mapishi ya raiskuka. Swali unalojiuliza mbele ya chakula chochote ni hili: maji yake yatakwenda wapi?

Nianze na vyakula vinavyokunywa maji yote, maana hapo ndipo chombo hiki kinapoijua kazi yake. Wali wa kuku na uyoga ndio ninaoupika mara nyingi kuliko vyote. Osha vikombe viwili vya mchele, ukitumia kile kikombe kilichokuja na raiskuka (mara nyingi ni cha mililita 180, kidogo kuliko kikombe cha kawaida cha kupimia), tia maji hadi alama ya 2, kisha chota na kumwaga vijiko vinne vikubwa vya maji hayo. Usiogope kuyapunguza. Sosi ya soya utakayotia ni maji, na uyoga nao unatoa maji mengi ukipata joto. Tia vijiko viwili vya sosi ya soya na tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba, koroga mara moja, halafu weka mwiko mbali. Paja la kuku lisilo na mfupa likate vipande vidogo, uvipange juu ya mchele pamoja na uyoga bila kuchanganya.

Hapo kwenye kutochanganya ndipo penye siri. Nyama ikizama inalala juu ya chuma, pale ilipolala panakauka mapema, na swichi inaruka wakati mchele wa juu bado una kiini. Ikikaa juu, inaiva kwa mvuke huku mafuta yake yakishuka taratibu kwenye wali. Swichi ikiruka, usifunue kwa dakika 15. Kisha kata kipande kinene kuliko vyote. Kama una kipimajoto, nyuzi 74 katikati ya nyama zinatosha. Ukiwa na bahati, chini utakuta ukoko wa rangi ya dhahabu wenye ladha ya soya, na sioni sababu ya kumgawia mtu.

Nafaka kama bulga na kinoa zinafuata kanuni hiyohiyo, sina la kuongeza. Dengu nyekundu zinataka maji mara tatu ya ujazo wake na sufuria isiyozidi nusu, kwa sababu zinatoa povu linalopanda hadi kwenye tundu la mvuke na kumwagikia meza. Uji wa oti nao hupanda vivyo hivyo, hasa ukipikwa kwa maziwa. Tambi fupi zinawezekana: gramu 200, maji ya kuzifunika na kuzidi kidogo, nyanya zilizosagwa, kitunguu saumu, chumvi. Hizi zikoroge mara mbili tatu katikati, la sivyo zinashikana. Zinatoka laini kuliko zile za jikoni, kwa hiyo kama unapenda tambi zenye ukakamavu, bandika sufuria ya kawaida.

Keki ndiyo inayoshangaza watu. Ponda ndizi mbivu tatu, zile ambazo ganda limeanza kuwa jeusi. Changanya na mayai mawili, theluthi moja ya kikombe cha mafuta na nusu kikombe cha sukari. Ongeza kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano, vijiko viwili vidogo vya bekingi pauda na chumvi kidogo, ukoroge hadi unga mkavu usionekane, basi. Paka sufuria mafuta, tandika karatasi ya kuokea iliyokatwa mviringo, mimina. Mchanganyiko usivuke nusu ya sufuria.

Bonyeza swichi. Baada ya dakika chache itaruka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani mashine imeharibika. Haijaharibika. Unga mzito hauna maji yanayotembea ya kuzuia joto, kwa hiyo chini panapita 100 upesi. Iache kwenye hali ya kuweka joto kwa dakika kumi hivi hadi sumaku ipoe na ikubali kunasa tena, bonyeza, ikiruka subiri, bonyeza tena. Keki yote huchukua karibu saa nzima, wakati mwingine zaidi. Wapo wanaochomeka kijiko ili swichi isiruke. Usifanye hivyo kamwe, maana unakuwa umeiondoa kinga inayozuia sahani ya moto kuwaka bila kikomo. Choma kijiti cha meno katikati ya keki. Kikitoka kikavu, pindulia keki kwenye sahani. Juu itakuwa imepauka kwa sababu imeivia kwenye mvuke, lakini chini itakuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, na ukishaipindua, chini ndiyo juu. Ndani ni laini na yenye unyevu kuliko keki nyingi za ovena nilizowahi kula. Wenye raiskuka ya kompyuta watafute kitufe cha keki. Kama hakipo, kwa kawaida mashine hizo hukataa kuwashwa tena zikiwa na moto, na hapo hakuna ujanja.

Trei ya mvuke iliyokuja ndani ya boksi usiitupe. Weka maji vikombe viwili chini, trei juu, na una jiko la mvuke. Mayai yenye maganda yanaiva mpaka kiini kikaze kwa dakika 12 hivi tangu mvuke uanze kutoka, na kwangu yanamenyeka kirahisi kuliko ya kuchemsha. Ila ninachokipenda zaidi ni mayai ya kuganda kwenye bakuli: piga mayai mawili taratibu bila kutengeneza povu, ongeza supu ya kuku yenye uvuguvugu kiasi cha mara mbili ya ujazo wa mayai, chuja, funika bakuli kwa karatasi ya foili, weka kwenye trei. Kifuniko cha raiskuka kiegemeze juu ya kijiti ili mvuke upate pa kupumulia. Joto likiwa kali mno, mayai yanatoboka matundu kama sifongo na kutoa maji. Likiwa la wastani, baada ya dakika 15 hivi unapata kitu kinachotikisika ukigusa bakuli, laini hadi kijiko kinapita bila kuhisi.

Samaki asiye na mifupa, aliyekatwa mwembamba, anaweza kuwekwa kwenye trei juu ya wali unaopikwa, dakika kumi za mwisho. Brokoli zinatosha dakika tano. Fungua haraka, weka, funika.

Supu ni kesi tofauti kabisa. Supu haikauki, kwa hiyo swichi haitaruka, na raiskuka itaendelea kuchemsha hadi uizime mwenyewe. Weka kengele kwenye simu. Pia usiione hali ya kuweka joto kama jiko la kupikia polepole. Joto hilo limekusudiwa kushikilia chakula kilichokwisha kuiva juu ya nyuzi 60, ambapo bakteria hawazaliani, na kupika nyama mbichi humo ni kucheza kamari. Maharage mekundu ndiyo hatari zaidi: yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuchemka hasa, na kuyapika kwa joto dogo lisilofika kuchemka kunaweza kuiongeza badala ya kuipunguza. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu angalau dakika kumi, ndipo uendelee. Na wali uliobaki usiuache kwenye raiskuka iliyozimwa hadi asubuhi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na wali vuguvugu ndio wanaoutafuta. Uuhamishe kwenye friji ndani ya saa moja.

Jambo la mwisho ni dogo na linaharibu mapishi mengi. Kabla ya kubandika, futa sufuria ya ndani kwa nje hadi ikauke, kisha pitisha kidole kwenye sahani ya moto na juu ya kile kidude cha katikati. Punje moja ya wali iliyokauka pale inatosha kuinua sufuria, sumaku isipate joto la kweli, na chakula kikaungua huku swichi ikiwa bado chini. Sufuria ikishakaa, izungushe kidogo kushoto na kulia. Ikizunguka bila kuyumba, washa.