Pima moja yako mzigo ukiwa umefungwa

Wadogo zangu mnaokuja fildi kwenye karakana za hapa Arusha, nawapenda, ndiyo maana nasema bila kuzunguka. Kila kundi jipya likifika napokea bodi ileile: inveta ya transista (saketi inayogeuza moja, yaani volti ya juu, kuwa sifuri, yaani volti ya chini, na kinyume chake) yenye rezista ya 10k kwenye kolekta, mguu wa kutolea, 10k kwenye besi, mguu wa kuingizia, na daftari lisilo na hesabu hata moja. Nikiuliza kwa nini 10k, naambiwa ndiyo iliyokuwepo kwenye boksi. Inveta ni transista moja na rezista mbili, kwa hiyo watu wanaiona ndogo na kuipita haraka, halafu wanahangaika wiki nzima na chipu isiyo na kosa.

1. Anza na anayepokea. Kabla hujagusa transista, fungua datashiti ya chipu itakayosoma autiputi yako. Familia ya chipu za 74HC kwenye volti 5 imeahidi kusoma moja kuanzia volti 3.5, na sifuri mpaka 1.5. Familia za 74LS na 74HCT zimeahidi moja kuanzia 2.0 na sifuri mpaka 0.8. Ukiwa katikati ya namba hizo hakuna aliyekuahidi kitu. Huenda ikafanya kazi mezani leo na kugoma kesho.

Hapa nitakaa kidogo, maana kuna binti aliyepita kwetu ambaye bodi yake nataka kila mmoja wenu aijue, na yeye mwenyewe huwasimulia wenzake. Ilikuwa kazi ya kitalu cha miche huko Tengeru: pampu ijaze tangi la juu, floti ya chini iwashe, floti ya juu izime. Kila floti ilipitia inveta yake, na inveta ziliingia kwenye 74HC00, chipu ya geti nne za NAND, mbili zikiwa zimefungwa kuwa lachi, yaani saketi inayokumbuka hali yake ya mwisho. Mnajua lachi ya NAND: inputi zote mbili zinatakiwa zikae moja, na sifuri fupi ndiyo inayobadilisha hali. Alipima inveta zake kwenye bredibodi, 1k kwenye kolekta, akapata volti 5 safi. Akaandika 5 kwenye daftari. Kazi nzuri mpaka hapo.

Siku ya mwisho kabla ya kufunga, akaona mwenye kitalu atapenda kuona hali ya tangi kwa macho. Akaweka LED nyekundu na rezista ya 330, kutoka autiputi ya inveta kwenda graundi. Ikawaka vizuri, pampu ikaitika, wote wakafurahi.

Kule kitaluni pampu ikaanza kuzimika tangi likiwa nusu. Wakabadilisha floti. Wakabadilisha transista. Wakalaumu TANESCO, wakalaumu kontakta, swichi ya sumaku ya pampu, wakabadilisha 74HC00 na hali ikawa mbaya zaidi. Miche haisubiri, na mwenye kitalu alikuwa anamwagilia kwa ndoo. Binti alikuwa karibu kulia. Kila nikimwuliza autiputi ina kiasi gani ananijibu, "Kaka, nimeipima, ni 5," na hakuwa anadanganya, kwa sababu daftari lilisema 5. Ila ile 5 ilikuwa ya kabla ya mzigo wa LED.

Fanyeni hesabu pamoja nami. LED nyekundu inashika kama volti 1.9. Zinazobaki, 3.1, zinagawanywa na 1k ya kolekta pamoja na 330, mkondo unakuwa kama miliampia 2.3. Juu ya 330 panapatikana kama volti 0.77. Jumla, "moja" yake ilikuwa volti 2.67! Chipu nyingi za 74HC hugeuka karibu na nusu ya umeme wake, yaani jirani ya 2.5, hivyo chipu ya kwanza ikaikubali kwa bahati tu. Kontakta ikinguruma, kelele kidogo kwenye waya mrefu inatosha kuishusha, lachi inasoma sifuri, pampu inalala. Chipu ya pili ilikuwa inageuka juu kidogo kuliko ya kwanza, basi. Kwa 74HCT bodi hiyohiyo ingekuwa ndani ya ahadi.

Dawa ilikuwa ndani ya chipu ileile: geti mbili zilikuwa hazina kazi. Tulihamisha LED ikawashwa na geti moja, kwa rezista ya 1k, na inputi za ile nyingine tukazifunga graundi badala ya kuziacha hewani. Autiputi ya inveta ikarudi 5 mbele ya macho yake.

2. Besi ipewe mkondo wa kutosha. Usitegemee hFE iliyoandikwa, yaani mkondo wa kolekta ni mara ngapi ya ule wa besi. BC547 peke yake inaanzia 110 mpaka 800 kutegemea kundi. Ili transista ijae na kolekta ishuke karibu 0.2, gawanya mkondo wa kolekta kwa 10 upate wa besi. Kwa 1k kwenye volti 5, kolekta ni miliampia 4.8, besi ni 0.48. Kutoka maikrokontrola ya volti 3.3, 4.7k inakufikisha hapo.

3. Zima transista kwa makusudi. Sifuri ya TTL, yaani chipu kama 74LS, inaruhusiwa kufika 0.4, na kelele inaweza kuongeza. Besi inaanza kuitika karibu 0.6. Weka 10k kati ya besi na emita, mguu unaokwenda graundi. Ukiwa na ile 4.7k, transista haiamki mpaka inputi ifike karibu 0.9, na mkondo wa besi bado unabaki 0.48. Kumbuka pia boksi la chuma juani: kila nyuzi moja ya joto inashusha volti ya besi kwa kama milivolti 2.

4. BC547 na 2N3904 miguu yake imepishana. Uso bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ya kwanza ni kolekta, besi, emita. Ya pili ni emita, besi, kolekta. Angalia kabla ya kuchomelea.

5. Multimita kwenye mawimbi ya haraka inakupa wastani. Ukiona 2.5, usiseme kiwango ni kibovu, chukua osiloskopu. Na kama unataka kasi, punguza rezista ya kolekta: 10k na pikofaradi 50 za waya na inputi zinakula zaidi ya mikrosekunde moja kupanda.

Bodi itakayofika mezani kwangu sasa ije na namba nne kwenye daftari: kiwango cha moja na cha sifuri anachotaka mpokeaji, na viwango ulivyopima wewe, LED ikiwa mahali pake, waya ukiwa wa urefu wa kweli na pampu ikiwa inanguruma.