Kushindana kwa Ubao wa Theluji kwenye Kilima Kidogo: Niliyojifunza Katika Misimu Minne

Kilima ninachoshindania kila Jumanne jioni, nje kidogo ya jiji la Minneapolis katika jimbo la Minnesota, hakifiki mita 100 kutoka chini hadi kileleni. Mtu aliyekulia Tanga akiitazama milima ya Usambara kwa mbali, kama mimi, hukiona kama kichuguu kilichopakwa chokaa. Mara ya kwanza nilipoalikwa na wenzangu wa kazini nijiunge na ligi yao, nilidhani mbio za mahali kama hapo zingekuwa mzaha tu wa kumalizia siku. Nilimaliza wa mwisho, mkono umeteguka, na tangu hapo sijakosa msimu hata mmoja.

Makala haya ninayaandika kwa ndugu wanaoishi huku kwenye baridi, ambao wameshajua kuteleza kwa ubao, wanaweza kukata kona pande zote mbili na kusimama wanapotaka, na sasa wanatamani kupita kwenye malango, yaani milingoti iliyosimikwa kwenye mteremko ambayo lazima uizunguke mmoja baada ya mwingine, huku saa ikiwahesabia. Anayeanza kabisa atafute mwalimu kwanza, kwa kuwa malango hayamfundishi mtu kuteleza. Humwonyesha tu kile asichokijua.

Udogo wa kilima usikukatishe tamaa. Buck Hill, kilichoko Burnsville kusini mwa Minneapolis, kilifunguliwa mwaka 1954 na kina kimo cha takriban mita 94 tu, lakini ndipo Lindsey Vonn alipofunzwa na kocha Erich Sailer akiwa mtoto, kabla ya kwenda kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010 katika mbio za kushuka kwa skii, zile mbao mbili nyembamba zinazofungwa moja kwa kila mguu. Faida ya kilima kifupi ni kwamba ukishafika chini unarudi juu kwa dakika chache, kwa hiyo katika jioni moja unaweza kupita kwenye malango mara nyingi kuliko mtu aliye kwenye mlima mkubwa anayetumia muda wake mwingi kwenye kiti cha kupandia. Ufupi huo una gharama yake pia. Mbio zetu huchukua sekunde 20 hadi 30, malango hayazidi 15 au 16, na kosa la lango la pili hupati tena nafasi ya kulirekebisha.

Kuhusu namna muda unavyopimwa, inafaa ueleweshwe mapema ili usijihukumu vibaya. Mpango wa NASTAR, wa mbio za malango kwa watu wa kawaida, ulioanzishwa Marekani mwaka 1968 na jarida la SKI, ndio uliowazoesha kupimwa kwa asilimia badala ya nafasi pekee, na ligi nyingi ndogo, yetu ikiwemo, hufuata mantiki hiyohiyo. Mteremkaji hodari hupita kwanza na muda wake huwa kipimo cha siku hiyo. Wewe huandikiwa namba inayoonyesha umezidiwa kwa asilimia ngapi. Kama muda wa kipimo ni sekunde 19.50 na wewe umetumia sekunde 31.20, namba yako ni 60. Hiyo ndiyo iliyokuwa namba yangu katika msimu wa kwanza. Katika msimu wa nne nilishuka hadi 30, yaani sekunde 25.35 kwa kipimo kilekile. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba theluji ikiwa nzito au malango yakipangwa kwa mbali zaidi, kipimo nacho hubadilika, hivyo unaweza kujilinganisha na nafsi yako ya Januari hata kama mnakimbia Machi. Wapanda ubao huwekwa kwenye makundi yao wenyewe, kwa umri na kwa jinsia, kwa hiyo usisumbuliwe na kijana wa skii aliyekupita kwa sekunde sita.

Wenzetu wa skii hupenda kututania kwamba ubao ulizaliwa kwa ajili ya kuruka, wala si kwa ajili ya malango. Hapo huwa nawakumbusha historia. Chombo kilichozaa ubao wa leo kilitengenezwa Muskegon, jimbo la Michigan, mwaka 1965, pale Sherman Poppen alipounganisha skii mbili ili binti zake wachezee kwenye mteremko wa karibu na nyumbani, na mashindano ya awali yaliyofanyika mjini humo yalikuwa ya kushuka kwa kasi. Ubao ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Nagano 1998, mbio za malango zilikuwamo. Wengi wetu tunaikumbuka Nagano kwa Mkenya Philip Boit, aliyemaliza wa mwisho katika mbio za skii, na mshindi wa mbio hizo, Mnorwei Bjørn Dæhlie, aliyemsubiri kwenye mstari wa kumalizia, na hatukujua kwamba michezo hiyohiyo ndiyo iliyoufungulia ubao mlango. Miaka 20 baadaye, huko PyeongChang, Ester Ledecká wa Czech alishinda dhahabu kwa skii na dhahabu nyingine kwa ubao katika michezo ileile. Utani huisha hapo, angalau hadi Jumanne inayofuata.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu misimu miwili kulielewa, nalo ni njia. Kwa muda mrefu nililenga lango moja kwa moja, nikifikiri kwamba mstari mnyoofu ndio mfupi, kisha nikaanza kukata kona nikiwa nimeshafika pale mlingoti ulipo. Matokeo yake ni kwamba ubao ulikuwa bado unageuka baada ya lango, mimi nikishushwa chini kupita kiasi, na ili nilifikie lango linalofuata nililazimika kuuburuta ubao kwa ubavu, theluji ikiruka kama vumbi nyuma ya lori. Kila tone la theluji inayoruka ni kasi uliyoitupa.

Aliyewahi kupanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua siri yenyewe bila kuambiwa. Dereva mzoefu wa barabara ile haingii kwenye kona akiwa ameibana. Huipanua kwanza, hugeuza usukani mapema, na anapofika penye ncha ya kona gari tayari linatazama kipande cha barabara kinachofuata. Kwenye malango ni vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya kona inatakiwa imalizike juu ya lango, kabla hujaufikia mlingoti, na unapoupita, pua ya ubao iwe tayari inaelekea lango linalofuata. Mwanzoni utajiona unazunguka na kupoteza muda. Nilijiona hivyo kwa wiki tatu nzima, na saa ikanikanusha kila jioni. Ili kujizoeza, omba ruhusa upite pembeni ya malango baada ya mbio, ukikata kona zako mita tatu juu ya kila mlingoti, polepole, bila kuyagusa malango yenyewe.

Macho nayo yana kazi yake katika hili. Ukiutazama mlingoti ulio mbele yako, mwili wako utaufuata na utaugonga. Tazama lango la pili kutoka hapo ulipo, na lile la karibu liachie miguu.

Tatizo la pili ni kona ya visigino, yaani ile unayoikata ukiegemea nyuma kwenye visigino, ambalo watu wa skii hawalijui kwa sababu wao hutazama mbele muda wote. Sisi tunasimama ubavu. Kona ya vidole, ya kuegemea mbele, ni rahisi kiasi, kwa kuwa vifundo vya miguu hukunjika na hufyonza mitikisiko. Ya visigino haina msaada huo, na mtu mwoga hujikunja kiunoni ili asianguke chali. Mwenzangu aliponirekodi kwa simu, nilijiona nimeinama kama mtu aliyekalia mbuzi anakuna nazi, kifua mbele, makalio nyuma. Katika mkao huo uzito hauingii kwenye makali ya chuma ya ubavuni mwa ubao, ubao huanza kudundadunda, na kila mdundo unakuachisha theluji. Dawa yake ni kukunja magoti zaidi na kiuno kidogo, mgongo ukiwa wima, na kuelekeza bega la mbele pamoja na kifua kule unakokwenda badala ya kuuacha mwili utazame pembeni. Nilisaidiwa pia na kubadilisha pembe za vifungio vinavyoshika viatu kwenye ubao. Nilikuwa nimeuelekeza mguu wa nyuma nje, kama wanavyofanya watu wanaopenda kuteleza kinyumenyume; nikaugeuza utazame mbele kidogo, digirii 6, na ule wa mbele nikauweka digirii 21. Kona zangu za visigino zilitulia jioni ileile.

Kuna wanaotumia viatu vigumu na mbao ndefu nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili ya mbio. Ni vifaa vizuri, na kwenye barafu ngumu vinawaacha wengine mbali, lakini vina bei kubwa na vinahitaji mtu ajifunze upya namna ya kusimama. Ushauri wangu ni kwamba katika misimu miwili ya kwanza utumie viatu laini ulivyonavyo na fedha yako uielekeze kwenye tupa, jiwe la kunolea na nta ya kupaka chini ya ubao ili uteleze.

Ninasema hivyo kwa sababu vilima vya hapa huishi kwa theluji ya mashine. Mizinga hurusha matone madogo ya maji kwenye hewa baridi, nayo huganda yakiwa punje za mviringo, tofauti na nyota zenye matawi zinazotoka mawinguni. Punje hizo hushikamana zikawa tabaka zito, na baada ya mashine ya kusawazisha kupita mara kadhaa na usiku kuingia, uso wa kilima hufanana na sakafu. Makali butu hayana la kufanya hapo. Mimi hunoa ubavu wa makali kwa digirii 88, upande wa chini nikiuacha na mwinuko wa digirii 1, halafu napitisha jiwe kuondoa vinyweleo vya chuma. Jaribu kwa ukucha: makali yakikwangua unga mweupe wa ukucha, yanatosha. Vaa glavu unapofanya kazi hiyo. Kovu la kidole changu cha shahada lina sababu.

Nta ina umuhimu wa pekee kwetu wapanda ubao, maana hatuna fimbo za kujisukumia. Penye tambarare, mtu wa skii hupiga hatua na fimbo akasonga. Wewe unabaki na kasi uliyokuja nayo tu. Kwenye vilima vifupi tambarare huwa mbili, ya kuanzia na ya kumalizia, na ndipo muda wetu mwingi hupotelea. Chagua nta kulingana na baridi ya theluji. Jioni moja ya nyuzi 18 chini ya sifuri nilipaka nta laini ya siku za joto, na ubao ukanata kama sufuria iliyounguza ugali. Iyeyushe kwa pasi isiyotoa moshi, iache ipoe, kisha ikwangue yote kwa plastiki na upige brashi. Nta inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani; inayobaki juu inakuzuia.

Mwanzo wa mbio ulinishangaza kwa jinsi unavyoweza kutumiwa kwa akili. Saa haianzi mtu anaposema “nenda”. Huanza mguu wako unapokisukuma kijiti kilichowekwa mbele yako. Kwa hiyo jivute nyuma, ushike nguzo mbili za kuanzia, ujirushe kwa mikono yote miwili ili mwili uwe tayari unasonga kabla kijiti hakijafunguka, kisha ubaki chini na usianze kona yoyote hadi ubao uwe na kasi. Chini nako, mwale wa mwanga ndio unaosimamisha saa, na wengi husimama wima mita tano kabla yake kana kwamba wameshamaliza. Baki umeinama hadi uupite. Halafu, na hili ninalisema kwa uchungu, uwe umeshachagua mahali pa kusimamia kabla hujaondoka juu. Eneo la kusimamia kwenye kilima kidogo ni finyu, na mimi katika msimu wa kwanza nililimaliza lote nikaishia kwenye wavu, nikitanguliza kiganja. Tangu siku hiyo huvaa vikinga vya vifundo vya mikono ndani ya glavu, pamoja na helmeti ambayo hata hivyo ligi haikuruhusu uanze bila kuivaa.

Kabla ya mbio hukagua njia kwa kuteleza pembeni polepole, na huangalia mambo mawili tu: lango gani limepangwa mbali na mstari kuliko mengine, na mteremko unabadilika wapi. Kadiri watu wanavyopita, mifereji huchimbika kuzunguka kila mlingoti. Ukiwa na zamu ya mwanzoni, theluji bado ni safi na unaweza kuchagua njia yako. Ukiwa wa mwishoni, ingia ndani ya mfereji na uufuate kwa magoti yaliyolegea, kwani anayejaribu kuukata ukingo wake hurushwa. Ukikosa lango, usilipandie kurudi huku mwingine anashuka. Toka pembeni, muda wako umeshafutwa, na kuna raundi ya pili.

Nguo sitazizungumzia sana. Vaa tabaka tatu, funika mashavu, na miwani iweke ndani ya koti unaposubiri zamu ili isishike ukungu.

Ukifika nyumbani, usiuache ubao ndani ya mfuko wake ukiwa umelowa, hata kama umechoka na kesho una zamu ya asubuhi. Ufute kwa kitambaa kikavu, hasa makali, na uusimamishe mahali penye hewa. Mimi niliwahi kuuacha kwenye buti ya gari kuanzia Jumanne hadi Jumanne. Nilipoufungua mfuko nikakuta mstari wa kutu kutoka pua hadi mkia, na wakati wenzangu wakikagua njia, mimi nilikuwa nimeinama kwenye maegesho na tupa mkononi.