Kidonda cha Mbwa na Mshono wa Mama Mkwe

SWALI: Mbwa wetu ana kidonda shingoni kwa wiki ya sita sasa, na antibiotiki za aina mbili hazikufua dafu. Daktari wa mifugo alichukua usaha ukaoteshwa maabara, jibu likaja kuwa ni bakteria sugu wa MRSA. Mama mkwe, aliyefanyiwa upasuaji wa goti hivi karibuni, anataka mbwa aondolewe nyumbani. Je, hofu yake ina msingi?

JIBU: Msingi upo, ila huenda mnamshitaki asiyehusika. MRSA ni Staphylococcus aureus aliyeshinda methisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini iliyoanza kutumika mwaka 1959 na ambayo usugu dhidi yake uliripotiwa Uingereza mwaka 1961. Maskani ya bakteria huyu ni pua na ngozi ya binadamu, na takribani watu 3 kati ya 10 humbeba puani bila kuumwa, ingawa wengi wao hubeba aina isiyo sugu. Mbwa ana wa kwake, Staphylococcus pseudintermedius. Kwa hiyo akikutwa na MRSA, mara nyingi ameambukizwa na watu anaoishi nao, kisha anaweza kuwarudishia.

Kinachohitaji ulinzi hasa ni mshono wa goti. Kidonda cha mbwa kifunikwe kwa bendeji, anayeibadilisha avae glavu na kunawa mikono kwa sabuni mara tu anapozivua, na mbwa asipande kitandani kwa mama mkwe wala kuulamba mshono, hata akibembeleza vipi. Mama mkwe naye amweleze daktari wake habari hii mapema, kwa sababu mshono ukiwa mwekundu, ukipata joto au kutoa usaha, daktari ataagiza kipimo na kuepuka dawa za jamii ya penisilini ambazo bakteria huyu amekwisha kuzizoea.

Kumfukuza mbwa sioni sababu. Mbwa wengi wenye afya huondokewa na MRSA wenyewe kidonda kikitunzwa, mradi wasiambukizwe upya, na baadhi ya vidonda vya juujuu hupona kwa kusafishwa na klorheksidini tu, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi. Msimpe vidonge vilivyobaki vya mama mkwe. Ombeni nakala ya jibu la maabara, lenye orodha ya dawa ambazo bado zinamweza bakteria huyo, mama mkwe aende nayo kliniki.